Msumeno wa Mnyororo na Mti Ulioanguka

Malambo ni kata ya Wilaya ya Ngorongoro, katika Mkoa wa Arusha, kaskazini mwa Tanzania. Nchi yake ni uwanda mkavu ulio chini ya nyanda za juu za Ngorongoro na Loliondo, na wenyeji wake walio wengi ni Wamasai wafugaji. Kwa Kiswahili neno malambo ni wingi wa lambo, yaani bwawa la kuwekea maji. Na mtu aionaye nchi ile wakati wa kiangazi aweza kudhani kuwa jina lilitolewa kwa kutamani zaidi kuliko kwa kuona. Mti wa nchi hiyo ni mgunga. Usimamapo ni kivuli cha mtu na mnyama, na maganda yake ni chakula cha mbuzi. Uangukapo, kwa upepo, kwa nguvu za tembo, kwa mchwa au kwa uzee, huingia katika hesabu nyingine: kuni, nguzo, ua wa boma, mkaa.

Historia zilizoandikwa juu ya misitu ya Afrika Mashariki hueleza sana habari za kuangusha miti. Habari za kuukata mti ambao umekwisha kuanguka hazina waandishi wengi, kana kwamba mti ukilala chini mambo yake yamekwisha. Wakata miti wenyewe hawana dhana hiyo. Mti uliosimama una njia chache za kumdhuru mtu, na njia hizo aghalabu huonekana; mti uliolala umejikunja juu ya mawe na matawi yake, umebeba uzito wake mahali pasipojulikana, na unangoja mtu wa kuufungua. Kwa hiyo inafaa kufuata njia ambayo chombo cha kuukatia kimepita, tangu shoka hata msumeno wa mnyororo, ambao watu wengi wa Tanzania huuita chensoo, na kutazama katika kila hatua ni nani aliyesimama karibu na makali.

Katika nchi ya Wamasai sheria ya mti mfu ni ya zamani kuliko sheria ya serikali. Kuni ni kazi ya wanawake, nao huzitafuta katika miti iliyokauka na matawi yaliyodondoka. Mti mbichi hauangushwi kwa ajili ya moto wa siku moja. Hukatwa matawi yake kwa ajili ya ua wa boma, na shina huachwa lichipue tena. Mti wa oreteti, ulio wa jamii ya mkuyu, una heshima ya ibada na hauguswi. Jirani zao Wasonjo, ambao hujiita Wabatemi na ambao hukaa Samunge, Digodigo na vijiji vingine vya karibu, ni wakulima wa mifereji, nao hulinda miti iliyo juu ya chemchemi zao kwa amri ya wazee, kwa kuwa wanajua maji hutoka wapi. Chombo cha watu hawa wote kilikuwa shoka na panga. Shoka lina madhara yake, lakini lina adabu moja: halisogei mpaka mkono wa mtu uliinue, na mkono ukichoka shoka nalo hupumzika.

Mfano mkubwa wa miti iliyoanguka kwa pamoja katika historia ya Waswahili haukutokea bara bali Unguja. Mnamo tarehe 15 Aprili 1872, Sayyid Barghash akiwa katika mwaka wa pili wa utawala wake, kimbunga kilipiga kisiwa hicho kikavunja majahazi bandarini na kuiangusha mikarafuu na minazi ya mashamba. Hukadiriwa kuwa theluthi mbili ya mikarafuu ya Unguja iliangamia, na kwa sababu Pemba ilisalimika, ukuu wa karafuu ukahamia huko na haukurudi tena. Wanahistoria wameandika mengi juu ya bei za karafuu baada ya msiba ule, na juu ya madeni ya wenye mashamba. Walakini kabla ya kupanda miche mipya ilikuwa lazima mashamba yasafishwe, na kazi ya mashamba wakati huo ilikuwa kazi ya watumwa. Mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini ulitiwa sahihi mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, na utumwa wenyewe ulidumu baada ya hapo. Waliosimama katikati ya vigogo vilivyopandana, wakikata kwa mashoka, ni watu ambao daftari la shamba liliwahesabu kama mali. Hapana orodha ya waliovunjika miguu.

Baada ya shoka ulikuja msumeno mrefu wa watu wawili. Ulikuwa na namna mbili: ule wa kukata gogo vipande, na ule wa kupasulia mbao. Kwa huu wa pili shimo huchimbwa, au jukwaa hujengwa, gogo likawekwa juu. Mtu mmoja husimama juu ya gogo akiongoza mstari, na wa pili husimama chini akivuta, huku unga wa mbao ukimwingia machoni na kifuani. Katika misitu ya Usambara, Kilimanjaro na Meru upasuaji wa namna hii uliendelea kwa miaka mingi, hata baada ya viwanda vya mbao kujengwa, kwa sababu msumeno wa mkono hufika kwenye bonde ambalo gari halifiki. Ugawaji wa taabu baina ya mtu wa juu na mtu wa chini haukuwa wa haki. Lakini msumeno ule ulikuwa na sifa moja ambayo haikupata kuandikwa kuwa ni sifa: haukuwezekana kutumiwa na mtu mmoja. Aliyejikata alikuwa na mwenzake umbali wa urefu wa msumeno.

Mnyororo uliingia katika habari za miti ya Tanganyika kwa mlango usiotazamiwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, ambao ulikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3 huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliyobaki vitani yalinunuliwa, na vifaru vya kivita vikageuzwa kuwa matrekta. Minyororo ya nanga za meli ilifungwa baina ya matrekta mawili ikaburutwa porini ili ing'oe vichaka na miti. Mibuyu ilikuwa balaa peke yake: ni minene, mti wake ni wa majimaji, na ndani yake mna nyuki ambao waliwashambulia wafanyakazi. Mpango ule uliachwa mwaka 1951, baada ya kula fedha zinazokaribia pauni milioni 36, na karanga zilizopatikana hazikufidia hata sehemu ndogo ya hasara. Nchi ilijifunza hapo kwamba nguvu ya mashine ya kuangusha ni jambo moja, na maarifa ya kushughulikia kilichoangushwa ni jambo jingine.

Mnyororo wenye meno ulikuwa na historia yake mbali na hapo, na mwanzo wake wa kale haukuwa msituni. Mnamo mwaka 1830 hivi Mjerumani Bernhard Heine wa mji wa Würzburg alitengeneza chombo kidogo cha mnyororo uliozungushwa kwa mkono, nacho kilikuwa cha matabibu, cha kukatia mifupa ya watu. Jambo hili lastahili kukumbukwa na kila anayeushika msumeno huu leo, maana mfupa wa mguu haukuwa mgeni wa mnyororo hata siku moja. Karibu miaka mia moja ikapita. Mwaka 1926 Andreas Stihl alianzisha karakana yake huko Stuttgart akatengeneza msumeno wa umeme. Mwaka 1927 Emil Lerp akaujaribu wa petroli juu ya mlima Dolmar, nao ulikuwa na uzito wa kilo 58. Na mwaka 1929 Stihl naye akatoa wa petroli wa kilo 46. Yote ilibebwa na watu wawili. Mwaka 1950 ukatokea wa kubebwa na mtu mmoja, wa kilo 16, na mwaka 1959 mwingine wa kilo 12.

Meno yenyewe yalirekebishwa na mkata miti wa Marekani, Joseph Cox. Mwaka 1946 alimwona funza wa mdudu wa magogo akitafuna mti mgumu, akielekeza taya zake mara kushoto na mara kulia, naye akakata shauri kuiga taya zile kwa chuma. Mwaka 1947 alifungua biashara ya minyororo katika mji wa Portland, na karibu minyororo yote inayouzwa leo, hata ile inayotundikwa madukani Karatu na Arusha, ni ya ukoo wa jino hilo. Funza, hata hivyo, hutafuna polepole. Mnyororo wa msumeno wa kawaida hukimbia kiasi cha mita 20 kwa sekunde moja, ambao ni mwendo wa gari lililo barabarani katika kilomita 70 kwa saa.

Historia hii husimuliwa mara nyingi kama historia ya kupungua kwa uzito: kilo 58, kilo 46, kilo 16, kilo 12. Ni masimulizi ya kweli lakini ni ya muuzaji. Ukitazamwa upande wa mkataji, mwaka 1950 ndio mwaka ambao mtu wa pili aliondolewa. Kazi iliyokuwa na watu wawili tangu zama za msumeno wa shimo ikawa ya mtu mmoja, na sauti ya mashine, inayopita desibeli 100, ikamfanya mtu huyo kuwa kiziwi kwa kila anayemwita wakati wa kazi. Akikaa miaka bila vizibo vya masikio, humfanya kiziwi hata baada ya kazi. Mtetemo wa injini nao ulileta ugonjwa wa vidole kufa ganzi na kuwa vyeupe, ambao unafanana na ule ulioelezwa na tabibu Mfaransa Maurice Raynaud mwaka 1862, na ndio uliowalazimisha watengenezaji, katikati ya miaka ya 1960, kuweka mipira baina ya injini na vishikio. Breki ya kuusimamisha mnyororo msumeno unaporuka ilikuja mapema katika miaka ya 1970. Kila kinga ilikuja baada ya majeruhi, wala hapana iliyotangulia.

Sasa yafaa kurudi kwenye gogo lenyewe, kwa kuwa hapo ndipo mambo yote haya hukutana. Mti ulioanguka ukilalia mawe mawili, moja kila ncha, katikati pakiwa wazi, ni kama daraja: upande wa juu umebanwa na upande wa chini umevutwa. Mkataji akianza juu na kuendelea hadi chini, gogo litaufunga msumeno kama koleo. Hana budi kukata juu kidogo tu, kiasi cha theluthi ya unene, kisha aingie chini na kupandisha hata mikato ikutane. Ikiwa gogo limeshikwa upande mmoja tu, na upande wa pili unaning'inia, hesabu hugeuka: juu ndiko kulikovutwa, na mkato wa kwanza huwa wa chini. Likiwa limejipinda kwa ubavu, baina ya miti miwili kwa mfano, mkataji husimama upande wa ndani wa upinde, uliobanwa, kwa sababu nyuzi zilizovutwa zikikatika gogo hurukia upande wa nje. Mafundi wa zamani hawakuwa na majina ya kitaalamu kwa mambo haya. Waliligonga gogo, wakalizunguka, wakatazama udongo umepasuka wapi, ndipo wakashika chombo. Msumeno wa mkono uliwapa muda wa kusikia mti ukianza kulia. Msumeno wa mnyororo humaliza mkato kabla sikio halijapata habari.

Mti ulioanguka na mizizi yake una hatari nyingine, na huenda ndiyo kubwa kuliko zote. Mizizi huinua bonge la udongo likasimama kama ukuta, na nyuma yake pakawa na shimo. Shina likikatwa karibu na mizizi, uzito uliokuwa ukilivuta bonge hilo huondoka, nalo laweza kurudi shimoni kwa ghafula na kisiki chake kikasimama wima. Shimo hilo ndilo linalowapendeza watoto kuchezea. Kwa sababu hiyo ni desturi ya wajuzi kuhakikisha kwanza kwamba hapana mtu nyuma ya mizizi, wala mbuzi, kisha kuacha kipande kirefu cha shina kiendelee kulizuia bonge.

Kuruka kwa msumeno ndilo jambo ambalo mgeni wa chombo hiki hulijua kwa kuchelewa. Robo ya juu ya ncha, pale mnyororo unapogeuka kushuka, ikigusa tawi au gogo jingine, jino hushindwa kukata, na nguvu yote ya injini huutupa msumeno juu na nyuma, kuelekea uso na bega. Hutokea upesi kuliko macho ya mtu kupepesa. Ndiyo maana vishikio hushikwa kwa mikono miwili, kidole gumba kikiwa kimezunguka kishikio cha mbele; ndiyo maana msumeno hauinuliwi juu ya mabega, na mkataji husimama kando kidogo ya mstari wa mnyororo, si nyuma yake. Msumeno huwashwa ukiwa chini, breki ikiwa imefungwa. Haupitishwi juu ya mguu ukiwa unanguruma. Petroli hutiwa injini ikiwa imepoa, mbali na mahali pa kazi, na katika nyika ya majani makavu kama ya Malambo sharti hili ni la kijiji kizima, maana cheche moja ya Agosti haiishii kwa mwenye msumeno. Mgunga ni mti mgumu, na ganda lake likijaa mchanga hutafuna makali. Mnyororo butu humlazimisha mtu kusukuma, na anayesukuma hupoteza mizani ya mwili wake. Tupa ndogo ya kunolea, ambayo bei yake ni ndogo kuliko vifaa vingine vyote, ni kinga kuliko wengi wanavyodhani.

Suruali ya mkata miti nayo ina habari yake. Ndani yake mna matabaka ya nyuzi ndefu. Mnyororo ukigusa, huzivuta nyuzi hizo, zikajizonga katika gurudumu la meno na kuisonga mashine. Majeraha mengi ya msumeno huu ni ya miguu, hasa wa kushoto, na ya mkono wa kushoto, na suruali hiyo imepunguza ya miguu katika nchi zilizoilazimisha. Katika Tanzania Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ikaweka mfuko wa kumlipa aumiaye kazini. Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwongozo wake wa usalama katika kazi za misitu mwaka 1998. Maandishi hayo ni mema. Yanamfaa zaidi mfanyakazi wa shamba kubwa la miti, kama lile la Sao Hill huko Mufindi, mwenye mwajiri anayejulikana na mkataba ulioandikwa. Kijana anayekodishiwa msumeno kwa siku, akakate mgrivelia ulioangukia mibuni huko Karatu, au mgunga ulioziba njia ya ng'ombe, mwajiri wake ni nani? Mwenye msumeno husema ni mwenye mti; mwenye mti husema ni mwenye msumeno. Kijana mwenyewe amevaa kandambili.

Serikali, kwa upande wake, imeutazama msumeno huu zaidi kwa jicho la mlinzi wa misitu kuliko la mlinzi wa mtu. Haikosi sababu. Uchunguzi wa kutoka angani uliofanywa Mlima Kilimanjaro mwaka 2001 ulihesabu zaidi ya miti 2,000 ya mkulo iliyokuwa imekatwa karibuni, katika msitu ambao kukata kulikuwa kumepigwa marufuku. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 huweka mazao ya misitu ya hifadhi chini ya kibali, na mti ulioanguka wenyewe ndani ya hifadhi haujawa mali ya aliyeuona kwanza. Katika Msitu wa Hifadhi wa Nyanda za Juu Kaskazini, ulio juu ya Karatu na unaowapa wakulima wa huko maji, mti mfu na mti uliouawa ili uwe mfu hufanana sana vinapokwisha kuwa vipande. Kwa hiyo walinzi huutilia shaka msumeno kabla ya kumtilia shaka mtu, na mwenye msumeno naye hujifunza kufanya kazi yake upesi, mbali na njia, alfajiri au jioni, na peke yake. Sheria iliyokusudiwa kuuokoa mti imemsogeza mkataji katika hali zile zile ambazo kila fundi humkataza.

Kwa Malambo jambo la upweke si la nadharia. Mshipa mkubwa wa paja ukikatwa, damu yaweza kumwua mtu katika dakika chache asipopatikana wa kuubana. Hospitali iliyo upande ule ni ya Wasso, karibu na Loliondo, na baina yake na Malambo pana mwendo mrefu wa barabara ya mawe na vumbi, ambayo mvua huiharibu. Endulen iko upande wa pili, ng'ambo ya nyanda za juu. Gari la kukodi huitwa kwa simu, na simu hutaka mahali penye mtandao. Kwa hiyo tabibu wa kwanza wa aliyekatwa, na pengine wa mwisho, ni yule aliyesimama karibu na gogo: mwenye kitambaa safi, mwenye nguvu za kukikandamiza juu ya jeraha bila kukiinua kuchungulia, na mwenye akili ya kuizima mashine kwanza.

Mtu huyo alikuwapo katika kila kazi ya msumeno mrefu, kwa kuwa bila yeye msumeno haukwenda. Siku hizi kuwapo kwake ni hiari, na hiari hiyo ina bei. Ujira wa kukata gogo hupatanwa kwa gogo au kwa siku ya msumeno, nao hutolewa kwa mkataji. Petroli ina hesabu yake, oili ina yake, mnyororo mpya una yake. Mtu wa pili, ambaye hakati kitu, anayesimama tu mita chache pembeni akitazama mizizi, watoto na majani makavu, hana mahali katika mapatano hayo, na aghalabu hulipwa matawi.